Sifuri kwa Ajili ya Mwalimu Anastazi

Juzi nilikuwa nasugua matembele kabla ya kuyapika. Maji yake ya kijani yakanijaa viganjani na ile harufu ikapanda, harufu ya jani bichi lililopondwa, chungu kidogo, kama udongo uliolowa. Nikasimama pale jikoni mikono ikinichuruzika maji. Binti yangu alikuwa mezani na vitabu vyake, anajiandaa kwa mtihani wa darasa la sita, akaniuliza, "Mama, una nini?" Nikamwambia sina kitu. Sikuwa namdanganya sana. Ni kweli sikujua nianzie wapi.

Ubao wa Mwalimu Anastazi ulinukia hivyo. Ninyi mliosoma enzi zile mnakumbuka ubao ulivyokuwa ukichakaa hadi chaki inateleza bila kuacha alama. Mwalimu alikuwa na ubao wake wa nyumbani, kipande cha mbao laini alichokiegemeza ukutani barazani, na kila baada ya wiki kadhaa aliupaka upya kwa makaa yaliyosagwa na maji ya matembele. Ukikauka unakuwa mweusi tii. Mimi nilikaa mbele yake karibu kila siku baada ya shule, kwenye kigoda, na ile harufu ndiyo iliyokuwa harufu ya hesabu kwangu. Mpaka leo nikiisikia, nanyoosha mgongo kama naitwa kujibu.

Tulikaa Gitega, mtaa wa mji mkuu wa Wanyarwanda, nyumba zimebanana, ukipiga chafya jirani anakuombea. Baba alifariki nikiwa sijajua kutembea. Mama alikuwa mzaliwa wa Buyenzi, kule Bujumbura, na lugha ya nyumbani kwetu ilikuwa Kiswahili. Kinyarwanda nilikiokota njiani na shuleni, kwa hiyo kilikuwa na mashimo mengi ambayo sikuyajua mpaka nitumbukie. Mama alikuwa fundi cherehani. Alikaa na mashine yake kwenye baraza la duka moja Muhima, akishona sare za shule na kukata magauni. Kusoma hakujua. Lakini aliamini shule kama wengine wanavyoamini dawa, na kila ulipokaribia mtihani alininunulia ndagala, dagaa wakavu waliotoka ziwani kwao, akanikaangia peke yangu. "Kula na vichwa," aliniambia. "Akili inakaa kichwani."

Vichwa nilikula, lakini hesabu za kugawanya zilinishinda. Nilikuwa nimesharudia darasa la tatu mara moja, na shuleni kwetu aliyerudia mara moja hakurudia tena. Akianguka, anapewa karatasi yake ya alama, anaenda nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alinishika mkono siku moja akanipeleka nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa Mwalimu Anastazi, ambaye alifundisha madarasa ya juu katika shule yetu hiyohiyo.

Mwalimu alinipa hesabu moja ubaoni, akaniangalia nikihangaika nayo, kisha akamgeukia Mama. "Mama Domi, mutoto iko na akili. Ni kugawanya tu kunamukimbia. Tutakukamata."

Mama akauliza atamlipa nini. Mwalimu akasema amshonee mkewe mifuko ya gauni, maana magauni ya wanawake hayana mifuko na mkewe anapoteza funguo kila siku. Mkewe, Mama Beata, akacheka kutoka ndani. Hawakuwa na mtoto. Beata mwenyewe alikuwa amekufa mchanga, lakini jina la mama lilibaki.

Ndivyo nilivyoanza kwenda pale. Mwalimu hakupiga, hakupaza sauti. Aliniambia kugawanya ni kumpa kila mtu haki yake, na kinachobaki usikifiche, kiandike pembeni watu wakione. Nilipokosea alisema tu, "Rudi nyuma, utafute pale mulipoachana." Na kweli nilirudi nyuma mstari kwa mstari mpaka nikakutana na hesabu yangu pale tulipoachana. Baada ya majuma machache nilianza kuiona namba inavyokatika hata kabla sijaishika chaki.

Shuleni, Jumamosi tulikuwa na mtihani wa majaribio. Mwalimu wa darasa letu, Madamu Veneranda, alikuwa mwanamke mrefu mkavu ambaye alisahihisha huku tumesimama mbele yake kwa mstari. Jumamosi moja nikapata tisa kwa kumi. Alilitazama daftari, akanitazama mimi, akalitazama tena daftari.

"Domitila, nani alikusaidia?"

Nilijaa fahari mpaka masikioni. "Mwalimu Anastazi."

"Anakusaidia wapi?"

"Nyumbani kwake, barazani."

"Kumbe," alisema, akaandika kitu katika daftari lake kubwa. Niliporudi kwenye dawati, jirani yangu Klodina aliniinamia akanong'ona, "Kwa nini umemtaja? Kusaidiwa si hakuruhusiwi?" Kwenye ukuta wa darasa kulikuwa na karatasi ya masharti ya mtihani, na la kwanza lilikuwa hilohilo: hakuna kumsaidia mwenzako. Fahari ikanitoka kama maji kwenye kapu.

Ilikuwa wiki hiyo au iliyofuata, sina hakika, vita vilipoanza kule mpakani kaskazini. Mjini milio ya bunduki ilisikika, shule ikafungwa siku kadhaa, tukakatazwa kutoka. Mama hakwenda Muhima. Watu wazima waliongea kwa vipande, neno huku neno kule, na mtoto akipita wanageuza mazungumzo kwenda kwenye mvua. Mimi mawazo yangu yote yalikuwa kwenye mtihani. Niliona siku zinapotea na kugawanya kutanikimbia tena.

Mara tu Mama aliponiruhusu kutoka, nilichukua daftari nikakimbia kwa Mwalimu. Ilikuwa mchana, jua kali. Mlango ulikuwa wazi. Ubao umelala kifudifudi uani, na juu ya mgongo wake kulikuwa na alama ya kiatu. Vitabu vilitawanyika hadi kwenye majivu. Mama Beata alikaa kwenye kigoda changu, mikono kwenye ile mifuko aliyoshonewa na Mama, akitazama mbele kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Mwalimu yuko wapi?"

"Wamemchukua."

"Nani?"

Jirani mmoja mwanamke, aliyesimama kwenye ua wake na beseni la nguo, alisema kwa sauti, kila mtu asikie, "Si watu wanasema Mwarimu iko icyitso!"

Neno lile sikulijua. Lilikuwa moja ya yale mashimo. Nilirudi nyumbani nimelishika mdomoni nisilisahau, na shule ilipofunguliwa nikamuuliza Klodina, ambaye baba yake alikuwa karani na kwao maneno yote yalijulikana. "Icyitso ni nini?"

Akafikiri. "Ni mtu anayemsaidia mwingine kwa siri, kitu kisichoruhusiwa."

Ndugu zangu, sijui kama nitaweza kueleza. Kila kitu kilikaa mahali pake kwa mpigo mmoja: masharti ukutani, tisa kwa kumi, Madamu na daftari lake kubwa, "anakusaidia wapi?", na mimi nikitaja mpaka baraza. Nilikuwa nimewaelekeza nyumbani kwake.

Kama nilikuwa na shaka, Mama aliiondoa. Alinivuta ndani, akafunga dirisha, akaninong'oneza kwa Kiswahili cha haraka, "Sikiliza. Mtu akikuuliza, hukufundishwa na Mwalimu. Ulijifunza mwenyewe. Jina lake usilitaje, wala shuleni wala bombani. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mama."

"Sema tena."

"Nilijifunza mwenyewe."

Mama alilikagua tena dirisha kama limefunga. Sikuwahi kumwona hivyo, na nikaelewa kwamba anajua nilichofanya na ananificha. Sikuuliza. Yeye naye hakueleza. Alidhani nimeelewa hofu yake. Mimi nilidhani ameelewa kosa langu. Tulikaa hivyo miezi, mimi na yeye, kila mmoja akimlinda mwenzake kutokana na jambo tofauti.

Nilifikiri sana. Nilifikiri nikitembea, nikichota maji, nikila vichwa vya ndagala. Mwisho nikapata njia, na kwa akili yangu ilikuwa njia safi: kama Mwalimu amefungwa kwa kunisaidia, basi nikionekana sijui kitu, itajulikana hakunisaidia. Atatoka.

Jumamosi iliyofuata niliandika majibu yote ya uongo. Haikuwa rahisi. Mkono ulikuwa umezoea kupatia, na ilibidi nitafute kwanza jibu la kweli ili nijue la kukwepa. Nikapata sifuri. Madamu Veneranda aliiandika katika daftari lake kubwa. Jumamosi tatu nyingine, sifuri tatu. Kisha ukaja mtihani wa mwisho wa muhula na hesabu zote nikaziharibu moja moja, nikihakikisha kila namba imekosewa vizuri. Nilipokabidhi karatasi nilijisikia kama nimebeba mzigo wa mtu mpaka mlangoni kwake.

Mama aliitwa shuleni. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Madamu aliweka karatasi zangu mezani, ingawa Mama hakuweza kuzisoma, akasema, "Mtoto huyu alikuwa anajua. Nimeona kwa macho yangu. Sasa hajui hata kidogo. Mtu hasahau hivi. Nyumbani kuna nini?"

"Hakuna kitu, Madamu."

"Akiendelea hivi mwisho wa mwaka namtoa. Si mimi, ni sheria."

Mama aliniangalia. Nikaangalia sakafu. Njiani hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alitembea mbele yangu, na mara moja tu alisimama, bila kugeuka, akasema, "Mimi nakaa juani nashona sare za watoto wa watu, Domi." Kisha akaendelea.

Lakini Mwalimu hakutoka. Mama Beata alikuwa akipita na chakula kwenye kitambaa, kwanza kwenda uwanja wa mpira, maana ndiko walikokuwa wamewekwa waliokamatwa, na baadaye gerezani. Uwanja wa mpira ulinichanganya kabisa. Nilijiuliza kama wanaosaidia watoto ni wengi kiasi hicho mpaka wanahitaji uwanja mzima. Niliwaza pia kwamba pengine waliomchukua hawajapata habari za sifuri zangu. Basi nikachukua karatasi ya mtihani, ile iliyoandikwa sifuri kwa wino mwekundu na mstari chini yake, nikaikunja mara nne, nikamsubiri Mama Beata njiani.

"Mpelekee Mwalimu. Awaonyeshe."

Aliifungua. "Awaonyeshe nani?"

"Waliomfunga. Waone kwamba hakunisaidia."

Hakuelewa. Ikabidi nimweleze yote, Madamu, daftari, neno la Klodina, baraza nililolitaja. Nilieleza nikilia, na yeye akaanza kucheka. Alicheka kwa nguvu mpaka akashika ukuta wa watu, kitambaa cha chakula kikaning'inia mkononi. Kisha kicheko kikageuka bila kubadilisha sauti sana, nikaona machozi. Akachuchumaa mbele yangu pale njiani.

"Si wewe," alisema. "Domi, sikiliza, si wewe. Hakufungwa kwa hesabu."

"Basi ni kwa nini?"

"Ni mambo ya watu wazima," alisema. Karatasi yangu akaitia kwenye mfuko wa gauni. Hakuipeleka, nadhani.

Mtu angefikiri nilifurahi. Sikufurahi. Nilipoamini ni mimi, angalau dunia ilikuwa na sababu: nilisema neno, mtu akafungwa. Ilikuwa inauma lakini ilikuwa inahesabika. Mama Beata aliponiondolea kosa langu hakunipa kitu cha kuweka mahali pake. Mwalimu alichukuliwa mchana kweupe, hakufanya kitu, na hakuna aliyeweza kuniambia kwa nini. Hilo lilinitisha kuliko kosa.

Jioni ileile Mama Beata alikuja kwetu akamweleza Mama. Mimi nilitolewa nje. Nilimsikia Mama akisema, "Mungu wangu. Mungu wangu." Alipotoka hakunikumbatia, hakuwa na kawaida hiyo. Alisema, "Kesho baada ya shule unakuja Muhima. Utakuja na daftari."

Na hivyo ndivyo Mama yangu asiyejua kusoma alivyonipitisha kwenye mtihani. Aliniweka kwenye kiti kidogo kando ya mashine, akasema, "Nifundishe mimi. Yale aliyokufundisha. Usiruke." Kwanza niliona haya, lakini kumbe Mama alikuwa akigawanya maisha yake yote. Alijua kitambaa cha mita kumi na mbili kinatoa sketi ngapi na kipande gani kinabaki. Hakujua tu jinsi ya kuiandika. Nilimwandikia namba kwa chaki yake ya kushonea kwenye mbao ya mashine, naye alizifuta kwa kiganja na kusema, "Tena." Wateja walisubiri. Mwanamke mmoja alinung'unika gauni lake linachelewa, Mama akamjibu, "Dada, mtoto wangu yuko darasani."

Mvua ndefu zilikuwa zimeanza Mwalimu alipotoka. Hatukuambiwa, tulimwona tu amekaa barazani kwake, amevaa koti katika joto, amepungua mpaka shingo inazunguka ndani ya kola. Shule haikumrudisha. Watu walipita mbele ya nyumba yake kwa haraka ya ajabu. Mama aliniambia nimpelekee uji. Nilisimama mbele yake na kile chombo.

"Nasikia ulipata sifuri," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nyingi?"

"Tano."

Akatikisa kichwa. "Kupata sifuri kamili ni kazi. Lazima mutu ajue yote." Alikunywa uji kwa kushika kikombe kwa mikono miwili. Baadaye akasema, si kama mtu anayeongea na mtoto, "Kila siku waliniuliza, umemusaidia nani? Majina, walitaka majina. Nami nikawa nafikiri kweli, kama mwanafunzi. Nimemusaidia nani? Watu niliowahi kuwasaidia ni ninyi, watoto wa kugawanya. Sasa ningewataja ninyi?"

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Hapana, mwana wanjye. Si wewe."

"Basi ni nani?"

Aliniangalia na macho yale ambayo siku zote yalikuwa na jibu likisubiri nilifikie. "Hata mimi sijui," alisema.

Mtihani wa mwisho wa mwaka nilikuja kuupasi, si kwa alama za kujivunia, lakini darasa la nne nikaingia, na Madamu Veneranda alinipa karatasi yangu kwa mikono miwili kama anayempa mtu mzima. Yeye hakuwa na hatia yoyote. Siku ile alikuwa ameandika alama yangu tu. Ilinichukua miaka kumsamehe kosa ambalo hakulifanya, na miaka kujua kwamba icyitso walimwita yeyote waliyemshuku kuwasaidia kwa siri maadui wa vile vita vya mpakani. Na yaliyoupata mji wetu baadaye, wa rika langu mnayajua kama ninavyoyajua, sitayagusa hapa.

Lakini Mwalimu hakuwepo siku ya matokeo. Majuma matatu kabla ya mtihani, yeye na Mama Beata walifunga mizigo miwili. Mama, aliyeninyamazisha nisitaje jina lake hata bombani, alinikalisha akanitamkia barua nimwandikie kaka yake wa Bujumbura: anayekuja na karatasi hii ni Mwalimu Anastazi, ndiye aliyemfundisha mwanangu, mpokeeni. Alitaka jina liandikwe kwa herufi kubwa. Aliweka kidole juu yake akaniuliza kama ni lenyewe.

Tuliwasindikiza stendi ya mabasi ya Nyabugogo asubuhi. Mama Beata alikaa dirishani. Mwalimu alinipa mkono kama wanavyopeana watu wazima, akasema nisiogope karatasi ya maswali, niisome yote kwanza. Basi likaondoka, na pale penye vumbi Mama akaendelea kupunga mkono muda mrefu baada ya kutokuwa na mtu wa kumpungia.

Tulianza kupanda kilima cha Muhima kurudi. Nilikuwa nimelibeba swali langu tangu siku ya ubao uani, na sikuwa nimewahi kumuuliza yeye.

"Mama, Mwalimu alikosa nini?"

Mama alikuwa na jibu la kila kitu. Alijua kwa nini mvua inachelewa, kwa nini fulani hakuolewa, kwa nini vichwa vya samaki. Alisimama kupumua, mkono kiunoni, akatazama kule chini barabara ilikopinda.

"Sijui, Domi," alisema. "Haki ya Mungu, mwanangu, sijui."

Lilikuwa jambo la kwanza tulilolingana. Akanishika mkono, ingawa nilikuwa mkubwa wa kushikwa, tukaendelea kupanda, wote wawili hatujui, naye akaanza kuniuliza taratibu, mita ishirini na saba kwa watoto wanne, kila mmoja anapata ngapi, na zinabaki ngapi.